Mazutu, Spana na Feri: Pikapu Kuukuu na Historia ya Kiswahili cha Gereji Mjini Kigali

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Makala haya yanahusu mali mbili ambazo katika mji wa Kigali zimekaa pamoja kwa miaka mingi bila daftari: ufundi wa kutunza pikapu kuukuu ya dizeli nyumbani, na Kiswahili cha watu wenye ufundi huo. Wasomaji wa jarida hili wamezoea kupata hapa makala kuhusu ngeli, ushairi na mbinu za kufundishia. Tunawaomba radhi kwa kuwapeleka safari hii chini ya gari. Tunaamini kwamba huko chini ipo sehemu ya historia ya Kiswahili nchini Rwanda ambayo hatuifundishi darasani.

Kilichotusukuma kuandika ni gari letu wenyewe, Toyota Hilux ya dizeli yenye injini ya aina ya 2L. Tuliinunua ikiwa tayari imechoka, na tangu hapo tumekuwa tukiitengeneza uani kwetu Nyamirambo, tukiongozwa na jirani ambaye alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu kabla ya kuwa fundi. Mwenyewe hapendi kutajwa jina. Mtaani wote humwita Mzee, nasi tutamwita hivyo. Siku hizi masikio ya Mzee yamepungua nguvu. Kwa mtu anayetambua ugonjwa wa injini kwa kuisikiliza, huo ni msiba, na kwetu sisi ulikuwa kengele. Tulijiuliza: Mzee akinyamaza, nani atatuambia anachokisikia, na kwa maneno gani?

Hoja yetu ni kwamba pikapu ya aina hii hutengenezeka nyumbani kwa sababu mbili. Ya kwanza ni umbo la mashine yenyewe. Ya pili ni elimu ya mdomo iliyorithishwa kwa Kiswahili na madereva na mafundi wa mji huu. Mashine hiyo inaondoka barabarani, na elimu hiyo inaondoka pamoja nayo.

Mashine isiyo na siri

Mhandisi Mjerumani Rudolf Diesel alipata hataza ya injini yake mwaka 1893, na mwaka 1897 injini iliyofanya kazi sawasawa ilikamilika mjini Augsburg. Wazo lake lilikuwa rahisi kulieleza, ingawa lilikuwa gumu kulitekeleza: hewa ikishindiliwa sana hupata joto kali, na mafuta yakinyunyizwa ndani ya hewa hiyo yatawaka yenyewe pasipo cheche. Injini za mwanzo zilikuwa nzito mno, zikafaa viwanda na meli. Zilienea katika malori na magari madogo hasa baada ya kampuni ya Robert Bosch ya Ujerumani kuanza kuunda pampu za kunyunyizia mafuta kwa wingi mwaka 1927.

Toyota ilitoa Hilux ya kwanza mwaka 1968, nayo ilitumia petroli. Injini za dizeli zilifuata baadaye. Injini ya 2L ina silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 2,446, na hewa iliyomo hushindiliwa takriban mara 22. Pampu moja inayozungushwa na injini yenyewe hugawa mafuta kwa nozo nne, na zamu ya silinda ni moja, tatu, nne, mbili. Umeme unahitajika kupasha moto hita plagi asubuhi, kuzungusha stata, na kushikilia kivali kinachoruhusu mafuta yapite. Baada ya hapo injini hujiendesha. Hakuna kompyuta inayopaswa kuulizwa kwanza.

Katika mji kama Kigali, ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na uliojengwa juu ya vilima, injini ya namna hii ilipendwa kwa nguvu zake za kupanda polepole ikiwa na mzigo. Ilipendwa pia kwa sababu kila kinachoharibika kinaonekana, kinasikika au kinanuka. Moshi mweupe asubuhi ni mafuta yasiyoungua, na mara nyingi hita plagi imekufa. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, na katika miinuko yetu ambako hewa ni nyepesi, pampu iliyorekebishwa vizuri pwani inaweza kutoa moshi huo ikifika huku.

Kiswahili kilivyoingia gerejini

Mji wa Kigali ulianzishwa mwaka 1907 na Richard Kandt, mwakilishi wa utawala wa Kijerumani. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuzoea kutawala kwa Kiswahili katika koloni lao la Afrika Mashariki. Walikuja na askari, makarani na wapagazi waliokizungumza, na wafanyabiashara kutoka pwani walifuata nyuma yao. Msikiti wa Al-Fatah wa Nyamirambo, ambao asili yake ni mwaka 1913, ni kumbukumbu ya jamii hiyo.

Wabelgiji waliichukua Rwanda mwaka 1916. Chini yao Kifaransa kilipewa nafasi kubwa katika utawala, na shule nyingi zikawa mikononi mwa misheni. Kiswahili kilitazamwa kama lugha ya Uislamu na ya mji, na wazungumzaji wake walitengewa makazi yao katika miji, yaliyoitwa kambi za Waswahili. Biryogo, hapa Kigali, ni mojawapo. Kwa kuwa milango ya shule na ya ofisi ilikuwa membamba kwao, watu wa Biryogo na Nyamirambo walishika kazi ambazo hazikuhitaji cheti: biashara ndogondogo, ushonaji, udereva na ufundi wa magari.

Hapa ndipo jiografia inapoingia katika historia ya lugha. Rwanda haina bahari, na mpaka leo haina reli. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na mizigo iliyovuka Ziwa Tanganyika hadi Usumbura, yaani Bujumbura ya sasa, ilipaswa kupanda vilima kwa barabara. Reli kutoka Mombasa ilifika Kampala mwaka 1931, na kutoka huko pia safari iliyobaki ilikuwa ya barabara. Barabara zenyewe zilichimbwa na wananchi kwa kazi ya lazima, jambo ambalo wazee wa vijijini walilisimulia kwa uchungu. Lakini aliyeziendesha lori, aliyelala mpakani na lori lililokatika springi, aliyeomba spana kwa mwenzake wa Kigoma au wa Kampala, alifanya hayo kwa Kiswahili. Hakukuwa na lugha nyingine ambayo wote waliielewa.

Kwa hiyo, wakati shule zilipokuwa zikikipa Kiswahili mgongo, gereji zilikuwa zikikitumia kila siku. Kijana aliyeanza kama tandiboi, akisukuma kabari chini ya magurudumu na kuchota maji ya rejeta, alijifunza lugha pamoja na kazi. Neno fundi lenyewe ni ndugu wa kitenzi kufunda, yaani kuelimisha, na katika Kinyarwanda limeingia kama umufundi. Mzee alifundwa namna hiyo. Anasema dereva aliyemchukua hakuwahi kumweleza jambo mara mbili: mara ya kwanza alisema, mara ya pili alimpa spana.

Hatupaswi kuficha kwamba Kiswahili hicho kilidharauliwa. Katika mazungumzo ya kawaida, kumwita mtu Mswahili kulimaanisha kwamba ni mjanja wa mjini asiyeaminika. Wazazi wengi walioipenda lugha hiyo kwa ajili ya biashara hawakutaka mtoto wao aijue. Sisi tunaokifundisha leo tulikutana na mabaki ya dharau hiyo tulipochagua somo letu chuoni.

Kazi ya uani

Tueleze sasa kazi yenyewe, kwa kuwa historia ya ufundi bila ufundi ni maneno matupu.

Jumamosi ya kwanza na Mzee ilikuwa ya filta. Gari lilikuwa likikosa nguvu mlimani na kuzimikazimika. Mzee hakugusa kitu. Aliuliza tunaweka mafuta kiasi gani, tukajibu kwamba kiasi mshahara unavyoruhusu. Akasema tangi lisilojaa hutoa jasho usiku, na maji ya jasho hilo hushuka chini. Chini ya filta ya dizeli kuna kizibo. Tulipokilegeza, yalitoka maji yenye kutu kabla ya mafuta. Tukabadilisha filta, tukafurahi, tukawasha gari. Halikuwaka.

Hilo ni somo ambalo kila mwenye dizeli kuukuu hulipata mara moja. Hewa ikiingia katika njia ya mafuta, pampu hushindwa kusukuma, kwa maana hewa hubonyea na mafuta hayabonyei. Juu ya filta kuna pampu ndogo ya mkono. Unaibonyeza mara nyingi mpaka iwe ngumu, ndipo unajua kwamba hewa imetoka. Injini ikiendelea kugoma, unalegeza nati za mabomba ya nozo kwa spana namba 17, mwenzako anazungusha stata, na mafuta yakianza kuruka bila mapovu unakaza moja baada ya nyingine. Unageuza uso, unafunika nati kwa kitambaa, wala huweki kidole mbele ya nozo inayofanya kazi: shinikizo lake linaweza kupenyeza mafuta ndani ya ngozi, na jeraha dogo kama la sindano linaweza kumkosesha mtu mkono.

Somo la pili lilikuwa la kusikiliza. Injini ilikuwa ikitetemeka ikiwa imesimama. Mzee aliweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini na mpini wake sikioni. Kisha alilegeza nati ya nozo ya kwanza. Mlio ukabadilika, injini ikazidi kutetemeka. Akaikaza. Ya pili vilevile. Alipolegeza ya tatu, hakuna kilichobadilika. "Huyu halii," alisema. Silinda ambayo ukiinyima mafuta injini haijali, ndiyo iliyokuwa haifanyi kazi. Tuliifungua nozo hiyo, tukaipeleka kwa fundi wa pampu, na gari likatulia. Kuanzia hapo tumejua kwamba katika Kiswahili cha Mzee silinda nzima hulia na silinda mbovu hunyamaza, kinyume cha watoto wachanga.

Mengine ni ya utaratibu. Oili hubadilishwa kila kilomita 5,000, na mwenye gari asishtuke ikiwa nyeusi baada ya siku moja, kwa kuwa masizi ya dizeli ndivyo yalivyo. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000 bila kungoja ukatike. Ukikatika, vali hugongana na pistoni, na injini iliyokuwa ya kutengenezwa uani huwa ya kununuliwa upya. Ngoma za breki za nyuma husafishwa na kurekebishwa mara kwa mara, kwani katika mji wenye miteremko kama yetu breki hula sana. Gari likiinuliwa kwa jeki huwekewa magogo ya mkaratusi yaliyokatwa sawasawa. Kamwe huliegemezi juu ya matofali, kwa sababu tofali hupasuka bila kutoa taarifa. Oili chafu hukusanywa katika dumu. Ukiimwaga mfereji wa Nyamirambo, itateremka hadi mabondeni na kuingia mto Nyabugogo.

Maneno kutoka pande mbili

Mwanafunzi wa isimu akikaa uani kwetu Jumamosi moja, atagundua kwamba Kiswahili cha gereji ya Kigali kina mikondo miwili. Mkondo mmoja umepanda kutoka pwani ukiwa na maneno yaliyotoholewa kutoka Kiingereza: breki, gia, injini, spana, dereva, spea. Mkondo wa pili umetoka katika Kifaransa cha Wabelgiji, ukapita katika Kinyarwanda na katika Kiswahili cha Kongo na Burundi. Kwa mkondo huo breki ni feri, gia ni vitesi, injini ni moteri, dereva ni shoferi, spea ni piyesi, petroli ni lisansi, na dizeli ni mazutu. Mazutu ni msafiri wa mbali zaidi, maana Kifaransa nacho kililichukua neno hilo kutoka Kirusi. Shoferi, kwa Kifaransa, alikuwa kwanza mtu wa kuchochea moto wa mashine za mvuke.

Pamoja na hayo yote kuna tabaka la chini, la zamani kuliko gari lenyewe: nyundo, koleo, tindo, msumeno, kaza, legeza, fungua, funga. Maneno haya hayabadiliki kutoka Mombasa hadi Bukavu. Mafundi wanaweza kutofautiana kuhusu jina la kitu, lakini juu ya kitendo wanaelewana.

Tuliporudi kutoka masomo ya uzamili Dar es Salaam, vichwa vyetu vikiwa vimejaa usanifishaji, tulimsahihisha Mzee. Tulimwambia kwa heshima kwamba neno sanifu si mazutu, ni dizeli. Alitusikiliza hadi mwisho, akafuta mikono, akasema: "Sawa mwalimu. Lakini pampu inakunywa ile ile." Tulicheka naye, ingawa moyoni tuliendelea kuamini kwamba tulikuwa tumemfundisha kitu.

Imani hiyo ilikwisha siku alipotutembelea mwalimu mwenzetu kutoka Dar es Salaam. Aliomba kusaidia. Kwanza alifungua mlango wa kulia akakuta hakuna usukani, kwa sababu Rwanda tunaendesha upande wa kulia wa barabara na usukani uko kushoto. Alihamia upande wa pili huku akicheka, akaketi. Ua wetu una mteremko. Mzee alikuwa amechuchumaa nyuma, akiweka magogo nyuma ya magurudumu kabla ya kuinua gari ili tutengeneze ngoma za nyuma. Alisema, "Toa vitesi," nasi tukamtafsiria mgeni: aondoe gia. Akaondoa. Kisha tukaenda ndani kutafuta spana.

Tulimsikia Mzee akipaza sauti: "Vuta feri! Vuta feri!" Hakuna kilichofanyika. Tulipotoka mbio, gari lilikuwa limerudi nyuma kiasi cha shubiri moja na kuegemea gogo lililokuwa limekwisha kuwekwa. Gogo la pili lilikuwa bado mkononi mwa Mzee, na vidole vyake viwili vilikuwa vimechubuka. Mgeni alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, hajui afanye nini.

"Shikamoo mzee, nisamehe sana," alisema aliposhuka, akisahau kwamba walikwisha kusalimiana. "Kwetu Feri ni pale tunapopandia pantoni kwenda Kigamboni. Nikawa najiuliza navutaje kivuko."

Mzee alivitazama vidole vyake. "Basi leo ungenivusha kweli," akasema, akarudi kuweka gogo la pili.

Mgeni wetu ana shahada tatu za Kiswahili. Mzee amekitumia Kiswahili tangu utotoni. Sisi tulizijua lahaja zote mbili, na sisi ndio tuliokuwa ndani tukitafuta spana. Hatulisimulii jambo hili ili tuseme kwamba usanifishaji ni kosa. Pasipo Kiswahili sanifu, Mzee na mgeni wasingeweza hata kuombana radhi. Tunalosema ni kwamba mwalimu wa Kiswahili nchini Rwanda ana wajibu wa kukaa katikati ya feri na breki, na wajibu huo hauwezi kutimizwa na mtu anayejua upande mmoja tu.

Waliokwenda na waliorudi

Mzee ana mazoea ya kuwataja mafundi wa zamani kwa kazi zao: huyu wa springi, yule wa pampu, yule aliyeweza kuchomelea kichwa cha injini kilichopasuka. Mara nyingi anapofika jina fulani hunyamaza na kuomba apewe spana. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliwaondoa watu zaidi ya milioni moja, na wengine wakasambaa ukimbizini. Tukizungumzia ufundi uliorithishwa kwa mdomo, lazima tukumbuke kwamba kila fundi aliyeuawa alikuwa na mwanafunzi ambaye hakumaliza, na maneno ambayo hakuna aliyeyaandika.

Baada ya mwaka 1994, Wanyarwanda waliokuwa wameishi uhamishoni miaka mingi walirejea. Waliotoka Uganda walikuja na maneno ya gereji yenye asili ya Kiingereza, waliotoka Kongo na Burundi wakaja na yale ya Kifaransa, na waliotoka Tanzania walikuja na Kiswahili cha shule ya msingi. Katika gereji za Gatsata walikutana chini ya gari moja. Mchanganyiko tunaousikia leo, ambapo fundi husema breki na feri katika sentensi moja, ni zao la kukutana huko. Rwanda ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Bunge lilipopitisha mwaka 2017 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi, gereji hazikuwa na la kujifunza. Zilikuwa zimetangulia.

Mashine inayoondoka

Hatuna budi kukubali kwamba pikapu kama yetu haina siku nyingi. Inatoa moshi kuliko inavyofaa mji unaotaka hewa safi, na kila ukaguzi wa magari unatukosesha usingizi wiki nzima. Magari ya dizeli ya sasa yana nozo zinazoamrishwa na kompyuta. Fundi huanza kwa kuchomeka kifaa na kusoma namba za hitilafu. Mwaka 2021 serikali ilianza kutoa misamaha ya kodi kwa magari ya umeme, na tangu Januari 2025 pikipiki mpya zinazosajiliwa kubeba abiria mjini Kigali ni za umeme. Hatuyalaumu mabadiliko haya. Watoto wetu wanavuta hewa hii hii.

Hata hivyo, tunajiuliza vijana wa magari ya umeme watazungumza lugha gani. Tumewasikia wakisema betri, chaji, mota, maneno yanayokuja na mashine kama breki na feri zilivyokuja na zake. Safari hii idara ya Kiswahili ipo, ilhali Mzee alipoanza kazi haikuwepo. Tukingoja miaka hamsini ndipo tuanze kukusanya, tutakuwa tumerudia kosa la waliotutangulia bila kuwa na udhuru wao.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Kiswahili mjini Kigali kilihifadhiwa kwa sehemu kubwa na watu waliofanya kazi kwa mikono, na kwamba pikapu kuukuu ya dizeli ni mojawapo ya mahali ambapo lugha hiyo na ufundi huo bado vinaweza kuonekana vikifanya kazi pamoja. Tungependa kupendekeza mambo matatu.

Kwanza, wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaotafuta mada za tasnifu wapelekwe Gatsata, Nyamirambo na Biryogo wakiwa na daftari, wakusanye maneno ya gereji pamoja na masimulizi ya waliyoyatumia. Pili, maneno yenye majina mawili, kama feri na breki, vitesi na gia, mazutu na dizeli, yafundishwe kwa pamoja katika kozi ya msamiati, bila kuitwa makosa. Tatu, wazee wasikilizwe kwanza, kwa sababu ratiba yao si ya kwetu.

Kwa upande wetu tumekwisha kuanza. Jumamosi, ila ile ya mwisho wa mwezi ambayo ni ya umuganda, tunaweka daftari juu ya boneti. Mzee hasikii tena tofauti ya nozo mbovu na nozo nzima kama zamani, kwa hiyo tunamwambia tunachokisikia, naye hutupa neno lake. Wiki iliyopita tulimweleza kwamba silinda ya kwanza inatoa mlio kama wa mtu anayegonga meza kwa kucha. Aliinamisha kichwa, akauliza kama mlio huo hupungua injini ikipata moto. Tukasema ndiyo. Alitupa jina la ugonjwa, tukaliandika, na chini yake tukaandika dawa: nozo ifunguliwe, ipelekwe ikapimwe. Daftari sasa limefika ukurasa wa arobaini. Msomaji mwenye maneno ya kuongeza, au mwenye mzee kama huyu katika mtaa wake, anakaribishwa idarani wakati wowote wa kazi.